Zamu ya Nyundo

Begi la turubai la rangi ya kahawia lilikuwa limekaa juu ya kabati miezi kumi na minane bila kushushwa. Kila Jumapili jioni, Mama Saluni akishafagia nywele za wateja na kufunga mlango wa kazini, alirudi nyumbani na kulitupia jicho kabla hata hajavua viatu. Zipu yake ilikufa zamani, kwa hiyo walilifunga kwa utepe wa nywele, na utepe ukichakaa alileta mwingine kutoka saluni. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani ni nani aliyetembea sana, atakutajia dereva wa malori anayekaa kwenye kona. Kumbe ni huyu msusi na mumewe dalali.

Mumewe waliyemwita Nyundo alikuwa dalali wa mnada. Watu wakihama, au mzee akifariki na watoto wasijue wafanye nini na makochi yake, aliitwa Nyundo na kinyundo chake cha mbao. Mdomo wake ndio ulikuwa jembe lake. Angeweza kukusifia kiti chenye miguu mitatu mpaka ukaona aibu kwamba kwako viti vyote vina minne. Mama Saluni naye alikuwa mwanamke wa maneno machache na vidole vyepesi, na wateja wake walimpenda kwa sababu waliweza kumwambia mambo yao yote na yasitoke nje ya mlango.

Sasa, wikendi ya watu ni Jumamosi na Jumapili. Ya hawa wawili ilikuwa Jumatatu na Jumanne, maana Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo wanawake husukwa na makabati huuzwa. Mara moja kila baada ya miezi miwili, wakati wenzao wanakimbilia maofisini na nyuso zimekunjamana, wao walikuwa wamekaa kwenye basi wakielekea baharini, au kwenye mji fulani wa kale, wakila karanga. Watoto walibaki kwa wifi yake, dada yake Nyundo. Mwanzoni waliwaambia majirani kwamba wanakwenda kumwona shangazi mgonjwa. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Shangazi gani unayemuuguza miaka mitatu ukarudi kila safari umenawiri na mchanga kwenye viatu? Wakachekwa, wakazoea, na baadaye wanaochekwa wakawa wale waliobaki.

Safari yao ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na kila mmoja alijua njia kuliko mwenzake. Nyundo aliuliza kwa kondakta, mkewe akauliza kwa abiria wa nyuma, wakapata majibu mawili, na kila mmoja akashuka kwenye kituo chake akiamini mwenzake anamfuata. Walikutana saa sita baadaye kwenye benchi la stendi, wamenuna, begi liko kwa mmoja na hela ziko kwa mwingine. Hapo ndipo sheria ilipotungwa. Safari itakwenda kwa zamu. Mwenye zamu atachagua mahali, ataongoza, atauliza njia na atasema na watu wote, kuanzia kwa mkata tiketi hadi kwa mwenye nyumba ya wageni. Asiye na zamu atabeba begi na kufunga mdomo. Hakuna kusaidia, hakuna kusahihisha, hakuna kunung'unika. Anayevunja sheria anapoteza zamu yake inayofuata.

Watu wengine huandikiana barua za mapenzi. Hawa walikuwa na sheria hiyo, na iliwatosha.

Mama Saluni akikumbuka safari zile, moyo wake hushukuru hata kwa zile zilizoharibika, na hizo ndizo nyingi. Kuna zamu ya Nyundo walipokwenda ufukweni katikati ya msimu wa mvua, kwa sababu yeye aliona fahari kupata chumba bila kushindana na mtu. Alikipata kweli. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jiko. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, bahari wakaisikia tu, na Mama Saluni akamnyoa mumewe kwa kimkasi cha kucha kwa kukosa kazi ya kufanya. Nyundo alitoka na kipara upande mmoja. Siku ya mnada iliyofuata alivaa kofia, na alipoulizwa akasema ni fasheni ya pwani.

Kuna zamu za Mama Saluni mwenyewe, ambazo nyingi zilikuwa za miji ya kale, maana alipenda vichochoro, kuta nene na milango mizito ambayo mtu aliichonga bila kujua kwamba itamzidi umri mara sita. Sasa, makumbusho na ngome hufungwa Jumatatu. Hilo walilijua baada ya safari ya pili, lakini wangefanya nini, na siku zao ndizo hizo? Mpaka leo Mama Saluni anazifahamu ngome saba kwa nje. Anajua ngome ipi ina kivuli upande gani, na mlinzi yupi hukubali kukusimulia vilivyomo ndani ukimpa karanga. Kulikuwa na mmoja aliyewasimulia kwa utamu mno, mpaka Nyundo akasema afadhali wasiingie kabisa, huenda vyenyewe visifikie maelezo.

Na kuna siku ya kiwanda cha saruji. Nyundo alielekezwa kushoto akashika kulia. Mkewe aliyaona hayo kwa macho yake, lakini alikuwa na begi, na mwenye begi hana mdomo. Wakatembea saa nzima. Nyumba zikaisha, miti ikaisha, wakajikuta mbele ya lango la kiwanda, magari yamejaa vumbi jeupe. Nyundo alisimama, akalitazama lango, halafu akasema kwa sauti yake ya mnada kwamba bibi na bwana, hapa ndipo bahari ilipokuwa zamani. Mkewe alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Mlinzi wa lango akawaletea maji ya kunywa akidhani mama ameshikwa na ugonjwa.

Kwani Nyundo hakuweza kuona kitu asikitie mnadani. Wakiwa wamekaa mchangani, aliyanadi mawimbi. Hili linalokuja sasa, mama, halina mwenzake, limetoka mbali, halijaguswa na mtu, nani ataanza? Mkewe alianza kwa kikombe kimoja cha chai ya asubuhi, kitandani. Hapana, mama, wimbi la namna hii kwa kikombe kimoja? Basi viwili. Na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, katika nyumba ya wageni ambayo haikuwa na huduma yoyote ya maana, Nyundo aliingia na vikombe viwili alivyokwenda kuviomba jikoni. Ukifikiria, mnunuzi ndiye aliyepaswa kulipa. Hakuna aliyewahi kuligusia jambo hilo.

Halafu ikaja Jumapili ile. Nyundo alikuwa katikati ya mnada, ameshika mlango wa kabati la nguo, anausifia. Maneno yakapinda. Watu wakacheka wakijua ni utani wake, wakaendelea kucheka mpaka kinyundo kilipomtoka mkononi na mguu wa kulia ukakataa kumbeba. Kilikuwa kiharusi. Wiki tatu alilazwa. Alirudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo Mama Saluni alipiga magoti sakafuni siku ileile na kushukuru, na hakuacha kushukuru. Mguu ulianza kurudi kidogo kidogo kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia ukabaki mzito. Maneno ndiyo yaliyokuwa na tabu. Akilini yalikuwa yote, ila yakifika mdomoni yalipondeka, na mtu asiyemzoea aliambulia neno moja kati ya manne.

Kwa hiyo mkewe akawa mdomo wake. Daktari akiuliza panauma wapi, alijibu yeye. Simu ikilia, alipokea yeye. Wageni wakija, Nyundo alijifanya amelala chumba cha ndani, na mkewe akatoa salamu za pande zote mbili. Alilifanya hilo kwa upendo, tena alilifanya vizuri, na hakujua kwamba lina ubaya. Mpaka daktari, kijana mpole aliyekuwa akimfundisha Nyundo mazoezi ya kusema, alipomvuta pembeni kwenye korido. Alimwambia kwamba mzee alipaswa kuwa mbele zaidi ya hapa, kwamba amerudi nyuma tangu ziara iliyopita, na kwamba asipouzoesha ulimi kusema na watu, hata hayo machache aliyonayo yatakwenda. Alimuuliza nyumbani mzee huongea na nani. Mama Saluni akahesabu moyoni, akajikuta anajihesabu yeye peke yake.

Tangu hapo usingizi wake haukuwa mzuri. Nyundo asiyesema! Ni sawa na kuambiwa utaishi na mtu mwingine.

Na hapo juu ya kabati, begi. Kiharusi kilimkuta Nyundo akiwa na zamu. Mwanzoni mkewe alimuuliza kila mwisho wa mwezi, kwa utani, wapi safari hii. Nyundo alipunga mkono wa kushoto kama anayefukuza nzi. Baadaye akaacha kumuuliza, akangoja. Wifi yake alipomshauri achague yeye mwenyewe na kwenda, alikataa. Zamu ni ya mtu. Aliona kwamba kumruka mtu kwenye zamu yake ni kumhesabu kuwa hayupo, na hilo hangelifanya hata kama wangekaa ndani mpaka mvi zao zigeuke njano. Wifi akamwambia ashukuru kwamba mume anapumua, mengine ni tamaa. Mama Saluni alimheshimu wifi yake, kwa hiyo alinyamaza. Lakini moyoni alisema mtu anaweza kushukuru na bado akataka.

Jumatatu moja asubuhi alimkalisha mumewe kwenye stuli uani, akamfunga taulo shingoni na kuanza kumnyoa. Hapo mwanamke huyu ndipo alipokuwa na nguvu zake. Miaka yote watu walimfungukia wakiwa wamempa kisogo. Akafikia nyuma ya sikio, akapiga moyo konde.

"Baba, mbona huchagui?"

Nyundo akapunga mkono. Mkewe akaushika ule mkono akaurudisha pajani, na kumwambia kwamba leo nzi wamekwisha, ajibu. Ilichukua muda. Maneno yalitoka moja moja, mengine yamepinda, na yeye hakuyadaka hewani kama alivyozoea. Aliyasubiri.

"Anayechagua," Nyundo alisema, "ndiye anayesema."

Mkasi ukasimama. Mama Saluni akaona jambo zima mara moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, na akaona jinsi walivyo wapumbavu. Mwaka mzima na nusu yeye amekaa akingoja mumewe achague, kwa heshima ya sheria. Na mumewe amekaa akishindwa kuchagua kwa sheria hiyohiyo. Watu wa kawaida wangeivunja siku ya kwanza. Akamuuliza kwa nini basi hakusema yeye aichukue hiyo zamu.

"Ili mimi nibebe begi?" Nyundo akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauachia ukaanguka. "Kwa huu?"

Mkewe akacheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa pembe ya taulo lenye nywele, nywele zikamwingia jichoni, ikawa vurugu. Alipotulia akasema basi yaishe, sheria ife, yeye atachagua, atabeba na atasema yote, Nyundo kazi yake iwe kukaa dirishani na kutazama. Aliona ametoa zawadi. Lakini uso wa mumewe ulibadilika, na maneno yaliyofuata yalikuwa na hasira iliyoyanyoosha.

"Basi mimi ndio begi."

Lilimchoma. Alibaki amesimama nyuma yake, mkasi mkononi, na akakumbuka simu zote alizopokea, na majibu yote aliyowapa madaktari mumewe akiwa amekaa hapo hapo, ana masikio na akili zake timamu. Hakujitetea. Alikwenda mbele ya stuli, akachuchumaa, akamwomba radhi. Halafu akamwambia kwamba zamu bado ni yake. Achague, aongoze, aseme. Begi atabeba yeye.

"Na sitakusemea, mume wangu. Neno hata moja."

"Hata nikishindwa?"

"Hata ukishindwa."

"Apa."

Akaapa, na ahadi ni deni. Nyundo alichukua siku tatu kuchagua. Siku ya nne, wakati wa chai, akasema anataka mji wenye ngome ya mawe mekundu, walikokwenda wakati binti yao ana mwaka mmoja. Na waende Jumatatu. Mkewe akapanda kwenye kiti, akalishusha begi na kulikung'uta vumbi.

Pale kwenye dirisha la tiketi Nyundo alirudia mara mbili na mkata tiketi akaelewa. Mkewe alimtazama mumewe akitokwa na jasho kwenye paji la uso kwa ajili ya tiketi mbili, akauma mdomo kwa ndani. Kwenye basi aliomba dirisha lifunguliwe, na kijana wa mbele yake akalifungua bila kugeuka. Ilikuwa heri. Walifika saa nane mchana, jua kali, na Mama Saluni aliona mambo yanakwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba.

Tabu ilikuwa vichochoroni. Nyumba ya wageni ya zamani ilikuwa imegeuzwa duka la simu, na njia ya kwenda kwenye ile mpya, ambayo jina lake lilibandikwa mlangoni, ilikuwa na kona nyingi. Nyundo akasimama mbele ya fundi redio aliyeweka meza yake chini ya kibaraza, akamsalimia, akamuuliza. Fundi akainua macho kutoka kwenye kazi yake. Nyundo akauliza tena. Sasa alikuwa amechoka kwa safari, mguu unamtetemeka, na maneno yalitoka yote kwa pamoja, hakuna lililosimama peke yake. Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Fundi akamtazama Nyundo, akamtazama mkewe, halafu akamuuliza mke, kwa adabu kabisa, maana hakuwa mtu mbaya:

"Mama, mzee anasemaje?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, jina la nyumba ya wageni, kila kitu, na lingechukua pumzi moja. Akamtazama mumewe. Nyundo alikuwa ameshamgeukia, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyemwapisha uani. Yalikuwa yanamwomba. Yalimwambia sema, mke wangu, nimeshindwa, tuondoke hapa.

Miaka thelathini na tano ya ndoa hakuwahi kumnyima kitu alichomwomba kwa macho yale. Akaishusha kamba ya begi begani, akaliweka chini.

"Muulize mwenyewe," alimwambia fundi. "Anasikia, na anajua anachotaka."

Mama Saluni alijichukia, na aliona hakika kwamba amemfedhehesha mumewe mbele za watu, na kwamba mzee hatatoka tena ndani ya nyumba mpaka siku atakapobebwa. Akatazama mawe ya chini kwa sababu hakuweza kutazama pengine.

Fundi redio akaweka bisibisi mezani. Akazima redio aliyokuwa akiijaribu, akainuka, akazunguka meza na kuja kusimama karibu na Nyundo, ameinamisha sikio kama anavyofanya kwa mashine inayokwaruza.

"Samahani, mzee wangu. Sema taratibu, mimi sina haraka."

Nyundo akavuta pumzi. Akasema neno moja, akapumzika. Akasema la pili. La tatu likakataa, akaliacha, akatafuta jingine la kukaa mahali pake. Fundi hakumdakia. Alitikisa kichwa kila alipopata kitu, na mwisho akarudia sentensi nzima kuhakikisha, na Nyundo akasema ndiyo, ndiyo, hiyo hiyo. Akaelekezwa kona tatu na ngazi moja. Maelekezo yote fundi alimpa yeye, akimwonyesha kwa kidole, na hakumtazama mke hata mara moja. Nyundo akamshukuru, kisha akaona hiyo haitoshi, akamuuliza ile redio ina ugonjwa gani. Wakaongea. Waliongea kwa dakika kumi nzima juu ya redio, wanaume wawili kibarazani, mmoja akiuliza polepole na mwingine akijibu polepole ili kumfuata mwendo, na wale wanawake wawili wakaenda zao kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutazama.

Mama Saluni alikuwa amesimama juani, mabega yanamuuma, kiu imemkaba, na hakuna aliyemkumbuka. Alisema asante kimoyomoyo, akaisema tena, na hakujua ainyamazishe vipi.

Hatimaye Nyundo akapeana mkono na fundi, mkono wa kushoto, akashika fimbo yake na kugeuka. Akamkuta mkewe na uso umelowa.

"Unalia nini?" akasema, kwa maneno yake yaliyopinda. "Beba begi, tumekaribia."

Akalibeba.